Mzee Muasya Atakapozaliwa Tena

Mbele yangu, katika basi la kwenda Msambweni, askari wa hoteli moja ya Diani alikuwa akimlalamikia mama mjamzito aliyekutana naye kitini tu. Askari huyo alikuwa ametoka kuangalia katuni ya Kijapani kwenye banda la video pale Ukunda.

"Mtu anagongwa na lori, anakufa, anazaliwa upya katika nchi ya majoka na wachawi. Nikasema, hapo sasa! Kumbe ni mvivu yule yule, analalamika vile vile. Masaa mawili mazima, dada."

"Hiyo si katuni, kaka, hiyo ni nyumba yetu." Mama akaeleza kwa sauti iliyochoka kwamba mtoto akiwa mvulana ataitwa Muasya, jina la marehemu baba mkwe, kama desturi yetu Wakamba. "Mzee alikuwa akinipiga kwa mkongojo. Leo mama mkwe ameliamkia tumbo langu: 'Mume wangu, hujambo?'"

Askari akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Jina ni heshima tu. Mimi nimepewa la babu, naye alikuwa mlevi, na mimi silewi."

"Hata Jumamosi?"

Askari akageuka kutazama minazi. Nami niliitazama, maana swali lile lilitufaa wengi.

"Nitampa jina la baba yangu mimi," mama akasema. "Wakitaka wanifukuze."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama akainuka, uchungu ukambana, akashika chuma cha kiti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili.

"Taratibu, mzee," akaliambia. "Tunashuka."