Tathmini Iliyomfichua Fundi

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa polisi, maafisa mliofuatana naye, majirani:

Sisi mafundi wa mtaa wa karakana tunakukaribisha. Umekuja kupokea tathmini ya mfumo wa vituo vya polisi kupashana taarifa za magenge. Tuliombwa tuusifu. Tutausifu panapostahili.

Historia

Awali kituo cha juu hakikujua kinachojulikana katika kituo cha chini. Genge liliiba huku, likavuka barabara na kunywa chai kule. Vituo vikaunganishwa, nasi tukaahidiwa kwamba jina la mtoa taarifa litakuwa siri.

Mafanikio

Mwenzetu, fundi wa kuchomelea mageti, alieleza silaha zilipofichwa. Vituo vyote vilipata taarifa siku ileile, silaha zikakamatwa. Hilo ni kweli, na tunashukuru.

Changamoto

Kisha wakaja watathmini kupima kama watoa taarifa wameridhika. Jina la fundi lilikuwa ndani ya mfumo, likisomwa na askari wa kila kituo. Maafisa wawili wenye sare waliegesha gari la polisi mlangoni kwake, wateja wamejaa.

"Mzee, ile taarifa uliyotupa, umeridhika tulivyoishughulikia?"

"Wanangu, mimi natengeneza mageti. Mmepotea njia."

"Usiogope, mzee. Swali moja tu."

Mteja mmoja aliacha bawaba zake mezani akaondoka. Jioni karakana ilichomwa, fundi akiwa ndani. Yu hospitalini, mikono yote imeungua. Mkewe alituambia, "Shemeji zangu, genge halikumtafuta. Limeletewa."

Ripoti utakayokabidhiwa leo inamhesabu fundi miongoni mwa walioridhika.

Siri iliyo mikononi mwa kila askari si siri, ni tangazo.

Maombi

Taarifa isafiri, jina lisisafiri. Libaki kwa afisa mmoja, naye awajibike likivuja. Ripoti hii usiipokee. Walioiandika waende hospitali wakiwa wamevaa kiraia, wakamsikilize fundi.

Aliyechoma karakana tunamjua. Baadhi yetu walimwona. Hatutamtaja kwa askari yeyote mpaka majina yetu, sisi tuliowahi kutoa taarifa, yaondolewe kwenye mfumo huo. Mke wa fundi ameketi mstari wa mbele. Jibu lako mpe yeye.

Mungu akutie nguvu ya kuikataa karatasi hiyo mbele ya walioiandaa, na amrudishie mwenzetu mikono yake.

Ni sisi,
Mafundi wa Mtaa wa Karakana