Upande wa Nyuma wa Skwea

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na Fumie, binti wa marehemu, kwa maneno ya marehemu mwenyewe, na inasomwa na kaka yake, Shigeki, ambaye kwa agizo la marehemu hakupewa karatasi mpaka asubuhi hii.

Marehemu Iwasaka Kanjiro alizaliwa tarehe 4 Novemba 1938, katika bonde la Hida, mtoto wa tatu wa mchoma makaa, akasoma hadi mwaka 1954, na kati ya yote aliyofundishwa alishika moja, kwamba ukizijua pande mbili za pembetatu mraba, upande wa tatu hauwezi kujificha. Mwaka huohuo mjomba wake alianza kumfundisha useremala wa mapaa, akampa skwea ya chuma, rula yenye pembe mraba, mbele ina vipimo vya kawaida, nyuma ina vipimo vilivyorefushwa kwa ajili ya mshazari, fundi akapata boriti ya kona kwa kusoma tu.

Alimuoa Toyono tarehe 20 Aprili 1966, wakajaliwa Shigeki, mwaka 1969, na Fumie, mwaka 1972. Alikuwa mkali, tusidanganyane, na pombe ya mchele aliipenda. Toyono alitangulia mwaka 2003, akimuulizia mwanawe hadi mwisho.

Tarehe 12 Oktoba 1989, kwenye ujenzi wa hekalu la kijiji, marehemu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia naye akificha, alipima mti wa miaka mia mbili uliotolewa na wanakijiji uwe boriti ya kona, pande za paa futi nane kwa nane, mshazari wake kumi na moja na ushei, akasoma mbele ya skwea badala ya nyuma, akakata nane, boriti ikawa fupi. Wazee walipouliza ni nani kauharibu, alimnyooshea kidole Shigeki, aliyekuwa akijifunza kazi kwake, akafoka, "Si huyu bwege! Hajui mbele wala nyuma, toka hapa!" Shigeki akaondoka kwenda Osaka, miaka thelathini na moja hakukanyaga hapa. Hapa marehemu ameagiza msomaji asipunguze sauti: mkosaji ni mimi, Kanjiro, nilijua siku ileile, aibu ikanifunga mdomo.

Aliugua mapafu kuanzia Juni 2020, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2021, theluji ikianguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na mafundi wenzake watakaolibeba jeneza.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi. Baba, siku ile nilikuona ukisoma upande wa mbele, nikanyamaza, maana nani angekupa kazi tena? Pumzika kwa amani.