Soetkin Coolman, Mwenye Chapa ya Unyayo wa Bata

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, marehemu Soetkin Coolman alifungua dirisha la karakana yetu ya picha za vitabu, linalotazama mfereji, akatoa ulimi nje. Alikuwa akionja hewa. Ikiwa na unyevu alisema, "Leo dhahabu itakubali," nasi tulijua siku hiyo hakuna kupiga chafya karibu na meza. Ikiwa kavu alisema, "Leo tusage rangi." Jirani yetu Pauwels, mchonga viatu vya mbao, alizoea kumwita kutoka ng'ambo ya maji, "Mama Soetkin, leo unamtolea nani ulimi?" Naye alimjibu, "Wewe, maana saa hizi ni wewe tu usiye na kazi."

Mimi ni Maykin, mtoto wa mdogo wake Joos. Nimeishi kwa Shangazi miaka minne. Aliyepaswa kusoma haya ni binti yake, Barbele, ila amesema sauti haitamtoka. Mengine nimeyaona mwenyewe, mengine nimesimuliwa na Barbele, na jambo moja nimeagizwa na marehemu nilitamke mbele ya kaburi lake. Nitalifikia.

Marehemu alizaliwa katika mji wa Damme, siku ya Mtakatifu Lusia, tarehe 13 Desemba 1409, mtoto wa tatu kati ya saba wa Hannekin Rijm na Lauwereinse mkewe. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi za ndama za kuandikia vitabu, na wazee wa Damme wanasema harufu ya chokaa ya nyumba ile ilifika mpaka kanisani. Akiwa na miaka sita Soetkin aliweza kupitisha ukucha juu ya ngozi akakuonyesha mahali ambapo kisu kimeparua kupita kiasi. Mafundi wengine walikuja kumwazima, kama mtu anavyoazima mizani.

Alisoma kwa watawa wa hapo Damme majira mawili ya baridi, 1417 na 1418. Walimpa kitabu kikuukuu cha zaburi ajifunzie. Mwandishi wa kitabu kile alikuwa ameacha nafasi tupu za herufi kubwa za mwanzo, na hakuna mchoraji aliyewahi kuletwa azijaze. Soetkin alijaza moja kwa masizi na kiini cha yai, na ndani ya tumbo la herufi akamchora bata bukini aliyevaa shela ya mtawa.

Mwalimu wake, Sista Clementia, alikifungua kitabu akamwita. "Bata huyu ana uso wangu."

"Ndiyo, Sista. Nilianza na uso, bata akaja baadaye."

Alichapwa. Akiwa bado analia, yule yule Sista Clementia akafungua ukurasa uliofuata, akamwonyesha nafasi nyingine. "Hapa mweke Mfalme Daudi. Na usimpe uso wa padre." Masomo yake hayakwenda mbali zaidi ya hapo. Mpaka uzeeni alikuwa akisema, "Herufi naijua kwa umbo lake. Inasema nini, muulizeni padre."

Mwaka 1426 alikuja hapa Brugge kusaga rangi katika karakana ya mzee Coolman, mtaa huu huu wa Mtakatifu Gillis. Tarehe 30 Aprili 1431 alifunga ndoa katika kanisa hili na Adriaen, mtoto wa nyumba ile. Adriaen alikuwa mtu wa dhahabu. Alipaka gundi yake ya chokaa, akaipulizia pumzi kwa kijiti cha tete mpaka ilainike, akalaza utando wa dhahabu juu yake, kisha akausugua kwa jino la mbwa mpaka ung'ae. Ndiye aliyemfundisha kuonja hewa. Na alimfundisha lile ambalo kila mmoja wenu wa kazi hii analijua, kwamba dhahabu hutangulia na rangi hufuata, kwa sababu dhahabu hunasa kwenye rangi yoyote inayoikuta. Walijaliwa watoto watatu. Lauwers na Josine walichukuliwa na homa ya mwaka 1438, wamelala nyuma ya ukuta ule. Alibaki Barbele.

Sasa nasema nililoagizwa. Mwaka 1434 macho ya Adriaen yalianza kuingia ukungu. Kufika Krismasi hakuweza tena kuona uso wenye ukubwa wa punje ya dengu, na nyuso za kazi yetu ndizo hizo. Chama cha wachoraji wa vitabu kinataka kila picha ibebe chapa ya mkono ulioichora, na fundi asiyeweza kuchora hufunga karakana. Soetkin alimwambia mumewe, "Lete brashi." Basi kwa miaka kumi na minane kila mfalme, kila mtakatifu, kila mkulima aliyekaa ndani ya herufi iliyotoka nyumba ile alichorwa na Soetkin, akapigwa chapa ya ufunguo ya Adriaen. Adriaen alibaki na dhahabu, ambayo aliiweza kwa pumzi na ncha za vidole.

Alipokuwa mahututi Adriaen alimwambia, "Nikifa, waeleze."

Akamjibu, "Nikifa mimi ndipo wataelezwa. Maiti hatozwi faini."

Mabwana wa chama mliopo hapa, mmeelezwa.

Adriaen alifariki tarehe 3 Februari 1452. Kwa desturi ya chama, mjane hupewa mwaka na siku moja amalize kazi zilizo mezani, kisha arudishe chapa ya mumewe. Chama kilimtajia mafundi wawili waliofiwa na wake, aolewe na mmoja wao ili karakana isifungwe. Shangazi hakumtaka hata mmoja. Alitaka chapa yake mwenyewe. Asipoipata, meza itauzwa na Barbele ataenda kufua nguo za watu.

Tarehe 5 Februari 1453 alipeleka ukurasa wa rangi tupu, bila dhahabu, aliouchora baada ya msiba. Mkuu wa chama wakati ule, hayati Fundi Ghijsbrecht Vlaminc, aliuinua dirishani.

"Huu ni mkono wa Adriaen. Naujua miaka ishirini."

"Adriaen ana mwaka kaburini, Bwana."

"Ndiyo maana nauliza, ameacha kurasa ngapi kabatini?"

Hapo ndipo alipobanwa. Angesema mkono ule ni wake tangu zamani, jina la mumewe lingefutwa katika kitabu cha chama siku hiyo hiyo. Asiposema, yeye ni tapeli anayeuza kazi za marehemu. Akasema, "Nipeni ngozi tupu. Nichagulieni herufi. Nitachorea hapa hapa, mkinitazama."

Walimpa muda hadi jioni ya kesho yake. Walimchagulia herufi ya kwanza ya zaburi ya kwanza, Mfalme Daudi ndani yake, na nyuma ya Daudi dhahabu tupu.

Siku hiyo baridi ilikuwa imegandisha mfereji. Shangazi alitoa ulimi kwenye dirisha la chama, na Barbele, aliyemshikia brashi, aliona uso wa mama yake ukimshuka. Hewa ilikuwa kavu kama unga. Tena nyuso alizijua, lakini dhahabu hakuwahi kuilaza peke yake hata siku moja. Alipuliza, akalaza, utando ukanyanyuka ukaruka kama pumba. Akajaribu tena, ukaruka tena. Na bila dhahabu Daudi hawezi hata kuanzwa.

Fundi Wijnant, ambaye leo amekaa pale mbele na fimbo yake, alisema, "Mpelekeni jikoni, huko kuna mvuke." Wakacheka.

Shangazi aliwageukia. Walikuwa mafundi kumi na wanane, makoti yao yamelowa theluji, wamesimama mbali karibu na mlango.

"Fundi Wijnant amesema kweli," akasema. "Kinachokosekana ni mvuke. Fungeni madirisha, Mabwana, mje mnizunguke hapa. Halafu semeni yale mnayoyasema nikiwa sipo."

"Tuseme nini?" akauliza mkuu.

"Kuhusu wajane. Najua hamwishiwi."

Walikuja kwa kejeli, lakini walikuja. Mmoja akasema mwanamke akipewa chapa kesho atataka kiti. Mwingine akasema mama yake alikuwa na mkono kuliko wote waliomo humo, na angekuwa hai angewafunza adabu. Yule wa kwanza akamuuliza, basi mbona hukurithi? Mara wanasema wote pamoja, makoti yanafuka mvuke, vioo vya madirisha vimeingia ukungu na kuanza kutiririka maji. Shangazi alitia kijiti mdomoni akapuliza, taratibu, mara moja na mara ya pili. Akalaza dhahabu. Ikakaa.

Barbele anasema hakuna aliyeona. Waliposikia jino la mbwa likisugua ndipo walipoanza kunyamaza, mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya lile jino tu.

Kesho yake adhuhuri Daudi alikuwa na uso. Fundi Ghijsbrecht aliweka kioo chake cha kusomea juu ya ukurasa, akainama muda mrefu. "Uso huu ni wa Adriaen."

"Ni uso wa nyumba yetu, Bwana. Na mimi ni wa nyumba hiyo."

Fundi Wijnant ndiye aliyesema, "Mpe mama wa watu chapa yake, twende tukale. Pumzi zetu zote zimo humo."

Chapa alipewa siku hiyo. Alichagua unyayo wa bata bukini, mdogo, mwekundu. Kwa miaka kumi na minne ulipigwa chini ya kila picha aliyochora, na picha hizo leo ziko Lubeck, London na Lisboni, katika vitabu vya sala vya watu ambao hawatajua alikuwa mfupi na alipenda samaki wa moshi. Alifundisha wasichana tisa. Watatu wana chapa zao, na mmoja wa hao watatu ni mjukuu wa Fundi Wijnant, aliyeletwa na babu yake kwa mkono.

Tangu mwaka 1465 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na tumbo likawa linamkata. Mganga alimwambia aache kuchongoa brashi kwa ulimi, kwa kuwa rangi nyeupe na nyekundu ni sumu. "Umechelewa miaka arobaini," Shangazi alimjibu. Kazi ndogo alizihamishia mkono wa kushoto, na majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nikimshikia kiwiko. Hakulalamika mbele yetu. Alikata roho Jumatano, tarehe 11 Machi 1467, akiwa ameketi kwenye benchi lililo nje ya kanisa hili, mwenye umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha binti, Barbele, na mkwe, Claeis, wajukuu wawili, Adriaen na Lysken, mdogo wake, baba yangu Joos, wasichana wake tisa, na mimi.

Asubuhi ile alikuwa amemaliza ukurasa wa mwisho wa kitabu cha bibi mmoja wa Ghent. Alipiga chapa mwenyewe, kwa mikono miwili. Siku zote kurasa hutoka kwetu zimefungwa kitambaani, na mpelekaji ni Barbele. Nilileta kitambaa. Akakisukuma.

"Shangazi, watu watauona."

"Ndiyo waone."

Barbele alisema, "Mama, subiri nivae viatu twende wote."

"Wewe koroga supu. Kwa Rombout muuza vitabu si Roma."

Akavaa viatu vyake vya mbao, akauweka ukurasa kifuani, picha ikitazama nje, chapa ikionekana. Nilimtazama kutoka dirishani. Pauwels aliinuka kwenye kazi yake akavua kofia, na wanawake waliokuwa wakifua walinyanyua vichwa. Alipita katikati ya mtaa, polepole, akijua anatazamwa. Alifika darajani, akavuka, akakata kona. Rombout anasema aliupokea ukiwa mzima, na kwamba marehemu alikataa kiti. Nyumbani hakurudi.

Apumzike sasa. Kazi yake ina jina lake.