Fukusi Waliojifanya Wamekufa

Pwa, pwa, pwa! Sauti ile bado ninayo masikioni, kama mtama unaomwagika kwenye majani makavu. Asifiwe Bwana, ndugu zangu, na aliyenicheka naye amsifu!

Walikuwa fukusi, wale wadudu wa pua ndefu, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi ghalani. Walivamia michungwa minane aliyoniachia marehemu mama hapa Shelui. Wakang'ata kingo za majani mpaka yakawa kama msumeno. Miti ikanyauka. Baba mdogo akasema, "Binti yangu, hizo sasa ni kuni. Mvua zikianza isipochipua, naing'oa, napanda alizeti."

Nililia, ndugu zangu! Nikafunga siku tatu, kisha nikaitikisa miti kwa jina la Yesu. Wakaanguka, pwa, pwa, pwa, wakalala chali, miguu wameikunja, kimya. Nikajua wamekufa. Jumapili nikasimama hapahapa kanisani nikashuhudia, mkapiga vigelegele.

Jumatatu walikuwa juu ya miti, wanakula.

Loo, mlinicheka! Vijana wa kwaya wakaniita Dada Mazishi. "Dada Mazishi, marehemu wako hawajambo?" Wiki mbili sikukanyaga ibadani. Shetani akaniambia, nyamaza, Mungu wako hakujibu.

Sikunyamaza! Nikatikisa tena, nikapiga magoti palepale chini ya mti: Bwana, nionyeshe. Nilipofumbua macho, maiti mmoja akanyoosha mguu. Na wa pili. Halafu kundi zima likaanza kupanda shina, kama watu wanaokwenda mnadani! Kumbe wakishtuliwa hujifanya wamekufa.

Haya! Kila asubuhi nikatandaza turubai, nikatikisa, nikawakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni kabla hawajazinduka. Nikakata matawi yaliyogusa chini, wasipate ngazi. Mashina nikayafunga nailoni, nikaipaka grisi chakavu niliyopewa na fundi wa malori, anayepanda anase. Mvua zilipoanza, miti saba ilichipua! Mmoja ulikufa, siwadanganyi mara ya pili. Baba mdogo aliizunguka yote, akasema tu, "Basi, alizeti tutapanda kule juu."

Mlisema Mungu aliniaibisha. Mimi nasema alinifumbua macho! Wewe ambaye shida imekurudia baada ya kushuhudia, usijifiche. Rudi kwake, umwambie wazi, kisha uangalie vizuri. Namshukuru, na sioni haya tena.

Jana, bila kumwita mtu, niling'oa kisiki cha mti ule uliokufa. Hatua chache pembeni nikapanda mche mpya, nikaumwagilia, nikaupigia makofi mwenyewe.