Mama Simone Kapinga na Kioo Kilichopauka Asubuhi

Likasi, Ijumaa tarehe 26 Juni 2026. Asubuhi ya baridi kali na upepo. Jua limechelewa nyuma ya ukungu.

Jumanne tarehe 30, Mama Simone Kapinga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianza kwa kushona magunia yaliyopasuka, akahamia kwenye mizani, na miaka ya mwisho amekuwa karani wa lango la depo yetu ya chokaa hapa Kikula, zamu ya asubuhi. Malori ya machimbo ya Kakontwe yanaingia, ya wateja yanatoka, na hakuna gunia linalopita bila yeye kuliandika kwenye kompyuta ya mkononi. Ndiye aliyewafundisha wapakiaji kuimba wakihesabu. Wanasema wimbo wake una makosa, lakini hesabu haina.

Atakumbukwa zaidi kwa mambo ya Juni mwaka jana, ambayo hata leo nikiyaeleza ninachanganyikiwa.

Kompyuta yetu ni ya zamani, ya kioo cha kijivu, na wanaitumia watu wawili: Mama Simone asubuhi, Papa Gaston kuanzia saa sita. Asubuhi Mama Simone alikuta maandishi yamepauka, akayaongezea weusi. Mchana Papa Gaston alikuta kioo cheusi kama tako la sufuria, akaupunguza. Kesho yake yaleyale.

"Papa Gaston, juu ya nini unachezea mashini yangu?"

"Miye? Ni weye unaipakaa masizi kila siku!"

Wakaacha kusalimiana.

Kisha lori moja la mteja wa Kamatanda likaondoka na magunia thelathini badala ya themanini, kwa sababu tatu na nane zilikuwa zinafanana kwenye kioo. Bwana Didier, meneja wetu, aliona kwamba macho ya Mama Simone yamechoka. Akaamua kumpumzisha, mwaka mmoja tu kabla ya wakati wake. Angekwenda nyumbani na jina la karani asiyejua kuhesabu. Mama Simone hakulia. Aliomba apimwe kwanza.

Ndani ya kompyuta hiyo mna programu ndogo ya kupima kioo, ambayo Gaëlle wa ofisini aliigundua akitafuta saa. Inaonyesha miraba kumi, kutoka mweupe hadi mweusi. Kioo kikiwa sawa, yote kumi inaonekana. Tukasimama langoni alfajiri tukitetemeka. Mama Simone aliona mitatu. Bwana Didier alitikisa kichwa, akaichukua mashine ili amwonyeshe mingine.

"Patron, weye unaona ngapi?" Mama Simone akamuuliza.

"Tatu," akasema polepole. "Ao macho yangu pia ilikufa?"

Papa Gaston aliona mitatu. Mimi vilevile. Mama Simone, vidole vimemganda, akaiingiza mikono yake ndani ya pulova, mashine ikiwamo, akaanza kuzungumza na dereva aliyekuwa akisubiri. Alipoitoa, miraba yote kumi ilikuwapo. Tukaiweka kwenye upepo, ikafifia. Tukairudisha kwenye pulova, ikarudi. Dereva akauliza kama tunaatamia yai.

Kumbe ni baridi! Hakuna aliyekuwa amemchezea mwenzake. Bwana Didier aliomba radhi mbele ya wapakiaji wote, na Mama Simone akabaki langoni. Tangu siku hiyo, kila saa sita yeye na Papa Gaston huifungua programu ile pamoja, hubishana kuhusu mraba wa tisa, kisha hukabidhiana kazi. Papa Gaston siku hizi hufika nusu saa mapema kwa ajili ya ubishi huo tu.

Kuanzia Jumatano zamu ya asubuhi ni yangu. Kwa nini baridi ifute maandishi, fundi amenieleza mara mbili na bado sijaelewa. Nimeelewa pulova tu. Jana tulifanya mazoezi ya kukabidhiana. Papa Gaston aliniuliza kama ninauona mraba wa tisa, nikajibu kwamba ninauona vizuri. Akanuna.

"Mama Simone hakukubaliaka mbio hivi," akasema, akaenda zake.

Mama Simone, wenzako wa depo tunakushukuru kwa kazi na kwa vicheko. Jumatano alfajiri usiamke. Ulale mpaka jua lipande juu ya mabati ya Kikula, uamke ukiwa mzima, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na myepesi.

Reine, karani wa depo