Shahidi wa Kosa Namba Themanini na Nane

Ndugu waombolezaji, mlioketi na ninyi mliosimama kule ukutani kwa kukosa viti, familia imemtuma mdogo wake marehemu, huyu mnayemwona ameshika karatasi mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, awasomee maisha ya kaka yake, na mwongoza ratiba amempa dakika kumi, moja imeshaliwa na kipaza sauti, kwa hiyo mtamwia radhi akienda mbio hapa na akikwama pale, maana tangu juzi hajakaa kitako akatulia, na sababu yake mtaisikia. Tarehe zote zimehakikiwa kwa vyeti, kisha zikahakikiwa tena na mjane, kwa sababu huyu tunayemzika leo hakuwa mtu wa kusomewa tarehe ya kubahatisha akanyamaza.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mlinzi wa ghala na mama muuza mboga, na miaka sita baadaye akafuatiwa na mdogo wake, huyu msomaji, ambaye tangu akiwa wa kubebwa mgongoni alikuwa akiambiwa na kaka yake kwamba hadithi ya sungura anayosimuliwa ina kasoro, kwa kuwa sungura hawezi kufunga fundo la kamba, hana vidole vya kazi hiyo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza Novemba 1971, na cheti chake kinaonyesha alifanya vizuri katika hesabu na sayansi, ingawa mwalimu wake wa darasa aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu anabisha mno. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu Desemba 1976 kama fundi magari, na kuanzia tarehe 3 Januari 1977 hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2018 alifanya kazi katika gereji moja tu, ile iliyo juu ya mteremko unaoshuka hadi njia panda, akiwa fundi wa breki, si wa injini wala wa rangi, wa breki peke yake, na ole wako umwite fundi wa jumla. Wenzake wa gereji, ambao wako hapa na nguo zao za kazi, wanakumbuka sheria yake iliyoandikwa getini kwa chokaa, kwamba hakuna gari litakalosimama pale nje bila kabari ya mbao chini ya gurudumu, hata la mkurugenzi, na wanakumbuka pia kwamba gari alilolitengeneza alilipanda mwenyewe kulijaribu, akisema kama breki zangu ni mbovu nife nazo mimi kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo lililompa jina, kwa maana wengi wenu hapa hamjui jina la kwenye cheti, mnajua Haiwezekani. Marehemu alipenda filamu za mapigano kuliko kitu chochote kisicho na magurudumu, na alizipenda kwa namna ya ajabu, kwa kuzikamata uongo, akihesabu risasi kwa vidole, na bastola ya risasi sita ikilia mara ya saba anaruka kwenye kiti na kupiga kelele, haiwezekani! Gari likiruka daraja likatua na kuendelea na safari, haiwezekani, ekseli ingekuwa vipande viwili! Jambazi akizimia kwa kofi na shujaa akipigwa nondo tatu asitokwe hata na kamasi, haiwezekani, jamani, haiwezekani! Makosa hayo aliyaandika katika daftari moja gumu la kurasa mia mbili, ambalo mjane amelileta na liko hapa mezani, na kila kosa lilikuwa na namba, sababu, na sahihi ya shahidi aliyekuwepo ukumbini akakubali, kwani alisema mtu akiona peke yake hajaona. Na ikitokea baadaye kosa likagundulika si kosa, basi lilifutwa kwa mistari miwili, mmoja wa mwandishi na mmoja wa shahidi, wote kwa rula, kama lile la namba 30 kuhusu pikipiki kupanda ngazi, ambalo kijana wa kusambaza gesi alilipinga kwa kuipandisha yake mwenyewe ngazi za ofisi ya posta, akafukuzwa na walinzi, lakini kosa likafutwa.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1985, na fundi cherehani ambaye ndiye mjane wetu, baada ya kumpeleka sinema mara moja tu, ambapo binti alikuwa analia kwa sababu shujaa anakufa, naye marehemu akamnong'oneza kwamba mkono wa shati ulikuwa umechanika sasa hivi na mbona ni mzima, na binti, badala ya kumwambia anyamaze kama wengine wote, akajifuta machozi, akatazama, akasema kweli, tena ni mkono wa kushoto, na hata vifungo si vile. Sahihi yake ndiyo ya kwanza katika daftari, kosa namba 1. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu wa hesabu, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba ambaye bado yuko chuoni, na wote watatu wanakiri kwamba hawajawahi kutazama filamu hadi mwisho kwa amani katika nyumba ile.

Mwaka 1989 huyu mdogo wake alifungua banda la video, mabenchi kumi na mawili na televisheni moja, na marehemu akawa mteja wa kwanza, na kusema kweli akawa pia kero ya kwanza, kwa kuwa watu walianza kuja si kwa filamu bali kwa ubishi, nusu ya ukumbi wakimsubiri aruke, nusu wakimtetea shujaa kana kwamba ni mjomba wao, na mwenye banda akisimamisha mkanda, akirudisha nyuma, wahesabu risasi upya. Mwaka 1996, tarehe 11 Mei, liliandikwa kosa namba 88, mtu kukimbia kando ya gari linaloteremka bila dereva na kuingia kwa kupitia dirishani, sababu ikiwa gari mteremkoni linaongeza mwendo na mtu anapunguza, na dirisha la mlango halimpitishi mtu mzima mwenye mabega, na shahidi aliyetia sahihi alikuwa huyu huyu msomaji, kwa mbwembwe, kwa wino wa kijani. Ndugu zangu, lishikeni hilo la 88, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Jumatano, tarehe 19 Juni 2013, marehemu alirudi nyumbani mkono wa kushoto umefungwa kitambaa shingoni, akamwambia mkewe kwamba ameteleza kwenye shimo la gereji na bega limeteguka, na mkewe akaamini, nani asingeamini. Jumamosi ya wiki hiyo alikuja bandani kama kawaida, na ikawa kwenye filamu ya siku ile mtu anakimbiza lori na kujirusha ndani kupitia dirishani, ukumbi mzima ukapiga kelele haiwezekani kabla yake, ukamgeukia ili amalizie, naye akasema polepole kwamba inawezekana. Akasema Jumatano basi dogo lenye watoto saba wa chekechea lilianza kuserereka peke yake kutoka getini kwao, yeye akalikimbilia, akaingia dirishani kichwa mbele, miguu ikabaki nje inaning'inia, na kwa kuwa kichwa kilikuwa chini na miguu juu, akakanyaga breki kwa mikono.

Hapo ndipo palipoharibika. Kukanyaga breki kwa mikono! Ukumbi uliangua kicheko, na aliyeanza kucheka, na hili anaomba lisikike vizuri hadi kule nyuma, ni huyu mdogo wake, ambaye alizima sauti ya televisheni na kumsaili kaka yake mbele za watu kama mwizi wa kuku, basi gani, dereva nani, watoto wa shule ipi, mbona shemeji amesema uliteleza shimoni, na namba 88 je, si wewe uliyeandika na mimi nikatia sahihi? Marehemu alijibu mara moja tu, kwamba dereva hawezi kumtaja. Mdogo wake akasema kaka umezeeka, sasa umeanza kutunga, na watu wakapiga makofi. Kaka akainuka, akalitia daftari kwapani kwenye mkono mzima, akatoka, yeye ambaye kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kuondoka kabla majina ya mwisho hayajapita kwenye kioo.

Tangu siku ile hakukanyaga tena bandani, hadi banda likafungwa mwaka 2019 kwa kukosa watu, na si kwamba ndugu hawa walinuniana, la hasha, walisalimiana, walichangiana, waliuguzana, ila neno filamu halikutajwa kati yao kwa miaka kumi na zaidi, na kila mmoja aliliona limekaa pale katikati na kila mmoja akalizunguka. Mdogo wake alijiambia atauliza sikukuu ijayo, atauliza kaka akistaafu, atauliza wakibaki wawili, na walibaki wawili mara nyingi tu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Februari 2022, akatibiwa, akapata nafuu, hali ikabadilika tena tarehe 29 Septemba 2023 akalazwa wodi namba 4, kitanda cha dirishani. Jumapili, tarehe 8 Oktoba, mdogo wake alikuwa kwenye kiti pembeni yake, televisheni ya wodini ikawa inaonyesha mtu anakimbiza gari, mkono umeshika mlango, na marehemu akaondoa macho kwenye televisheni akamtazama mdogo wake, akamtazama kwa muda mrefu, na mdogo wake, mpumbavu huyu, akainuka akaenda kutafuta maji ya kunywa wakati chupa ilikuwa imejaa. Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi sita na siku ishirini na sita.

Historia hii ingeishia hapa kama isingekuwa juzi Alhamisi. Juzi, wakati wanafamilia wakibishana chini ya turubai kama tuandike daraja lake la ufundi au tusiandike, alikuja mzee mmoja, dereva mstaafu, yule pale safu ya nne mwenye kofia ya kijivu, akaomba kukaa, akakaa, akaanza kulia, na alipoweza kusema alisema kwamba basi lile lilikuwa lake. Alikuwa amelileta ili breki ya mkono ikazwe, akasimama getini, akaingia ndani kumwita fundi, na kabari hakuweka, mbao ilikuwa hatua mbili kutoka alipo na hakuiweka. Alimwona marehemu akimpita kama upepo. Basi lilisimama hatua kumi na moja kabla ya njia panda, hatua hizo alizipima mwenyewe, na watoto walidhani ni mchezo wakataka warudie. Alimwomba fundi asimtaje popote, kwani angefukuzwa na nyumbani kulikuwa na wagonjwa wawili, na fundi, bega likiwa limetoka mahali pake, alimwambia sawa, ila kesho uniletee basi hilo nilifunge breki upya. Baadhi ya wanafamilia walishauri kwamba mambo haya ni ya ndani na hayasomwi hadharani, lakini huyu dereva amekubali yasomwe, na mdogo wake marehemu amesisitiza yasomwe, kwani kaka yake alichekwa hadharani.

Baada ya dereva kuondoka, mjane alilitoa daftari sandukuni, na kwenye namba 88 kulikuwa na mstari mmoja, wa rula, umenyooka, na chini yake mwandiko wa marehemu, wa tarehe 22 Juni 2013, ile Jumamosi yenyewe, unaosema hivi: Nimekosea. Inawezekana, gari likiwa ndiyo kwanza linaanza kwenda na kioo kikiwa chini, ila bega halitapona. Mstari wa pili namwachia shahidi, mdogo wangu, siku akipenda.

Miaka kumi, miezi mitatu na siku kadhaa mstari ule ulikuwa unangoja!

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba 4 waliovumilia kusahihishwa namna ya kufunga bandeji, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, mafundi wenzake waliofunga gereji leo na kuwekea kabari kila gari lililoegeshwa hapo nje, na dereva wetu mstaafu, ambaye hakuna anayemdai neno. Sasa mtamruhusu mdogo wake marehemu aweke karatasi hii chini, kwa sababu kazi inayofuata inataka rula na mikono miwili.

Mstari wa pili umepigwa, ndugu waombolezaji, na sahihi imetiwa, kwa wino wa kijani, tarehe 14 Oktoba 2023, na mashahidi ni ninyi wote mliopo hapa. Kaka, ulikanyaga breki kwa mikono, nimeamini, nimechelewa. Pumzika kwa amani.