Kavuo Orpa na picha ya Rébecca

Dada yetu Kavuo Orpa alizaliwa Kipese tarehe 14 Machi 1971, binti wa mzee Kamate na mama Berthe, ambao wote wametangulia. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Sadrack. Mkiona ninakwama, mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi Kipese na sekondari Butembo, na huko ndiko alikojifunza kuchora kwa rangi ya maji. Tangu 1993 alifundisha uchoraji katika shule moja hapa Butembo. Mtoto akikosea na kuanza kusugua karatasi, Orpa alimshika mkono: "Hapana sugua, mwanangu, utatoboa. Weka maji safi, ngoja kidogo, kisha gusa na kitambaa. Rangi itatoka." Kuna mmoja alimchora directeur, mkuu wa shule, bila shingo. Orpa alicheka mpaka akakaa chini, kisha wakamtafutia shingo pamoja.

Mwaka 1995 aliolewa Beni na shemeji Zacharie, wakabarikiwa watoto watatu. Vita ilipozidi, familia ambazo hazikuwa na foto ya mtu wao aliyeuawa zilimjia. Huyu anasema pua, yule anasema macho, naye anachora, anafuta, anachora tena, mpaka mmoja wao aangue kilio. Hapo alijua sura imepatikana.

Novemba 2021 Rébecca, kitinda mimba wake, alitekwa shambani karibu na Beni. Hatukupata habari wala mwili. Mwaka jana familia tuliamua kufanya matanga hivyo hivyo, tukamwomba Orpa achore picha ya kuweka mezani. Alichora. Alikuwa Rébecca kabisa, na kile kicheko chake cha upande. Tulilia sote. Yeye akaitazama, akachukua maji na kitambaa, akauondoa uso wote polepole.

"Nilikosea, baba Gracien," alimwambia mume wake. "Hivi ni vile ninachorakaka siku zote batu benye kufa. Mutoto wangu hajakufa. Siwezi kumuzika, non."

Matanga hayakufanyika.

Januari mwaka huu figo zilimshika. Alilazwa mara mbili, akafariki hapa Butembo Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mwanawe Christa akiwa amemshika mkono. Tumeumia kupita maneno.

Ameacha mume, Zacharie, na watoto watatu: Gracien, Christa na Rébecca. Kuna walioniomba nisome wawili. Mama yao alihesabu watatu, nami ninasoma watatu.

Pumzika sasa, dada. Kumngoja Rébecca, tuachie sisi.